Sauti ya Chini Kabisa

Mtu akija kwangu kununua chaîne, yaani ule mtambo mdogo wa muziki wenye spika zake mbili ambazo sisi hapa Butembo tunaziita baffle, jambo la kwanza kuuliza ni nguvu. Anataka kujua kama itasikika mpaka barabarani. Anataka niifungulie mpaka vioo vya kabati vitetemeke, halafu anatabasamu na kuanza kujadili bei. Nimeuza vitu hivi kwa miaka mingi na bado nawacheka, maana najua wengi wao wanakwenda kuiweka katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Prof hakuwahi kuuliza nguvu. Siku ya kwanza alipokuja dukani aliketi kwenye kiti changu cha plastiki, akavua kofia, akasema, "Mama, unionyeshe ile ya chini kabisa." Nilidhani anasema bei. Nikamletea mtambo wa bei rahisi, kitu chepesi ambacho hata mimi sikujivunia. Akatikisa kichwa.

"Te, mama. Sauti ya chini. Shusha. Shusha tena. Niko nataka kusikia vile inasema wakati iko inasema polepole."

Wakati huo alikuwa mpangaji wangu. Alikaa katika chumba cha nyuma cha kiwanja chetu huko Vulamba, kile cha karibu na jiko, ambacho wapangaji wengine walikikataa kwa sababu ya moshi. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa shule ya sekondari. Alitoka mbali, upande wa Kasai, na alikuwa akisema kwamba serikali ilimtuma Kivu ya Kaskazini kisha ikasahau mahali ilipomweka. Watu wote walimwita Prof, wanafunzi, mapadri, wanawake wa sokoni, na mimi pia. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za shule tu, na huko hakuna aliyelitafuta.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Alikuwa na maneno ya kitabu, na katikati yake Kilingala alichokiokota kwa askari na kwenye nyimbo. Kinande, lugha yetu ya hapa, kilimshinda kabisa. Alijua salamu ya asubuhi peke yake, na aliitumia hata jua likizama, mpaka mama mmoja muuza viazi akawa anamuuliza kama ndiyo kwanza anaamka, "Prof, njo unaamuka sasa?" Alicheka pamoja naye kila mara. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuona mambo mengine.

Jambo moja ni kwamba sikuwahi kupiga hodi kwenye mlango wake. Si kwa kukosa adabu. Kila nilipokaribia, kabla sijainua mkono, nilisikia, "Ingia, mama." Nilijaribu kuvua viatu. Nilijaribu kupita upande wa choo. "Ingia, mama." Kiti chake kilitazama mlango, na mlango ulikuwa nusu wazi mchana kutwa, hata siku za baridi ambapo sisi wengine tunajifunika shuka mbili. Nilimwambia atapata ugonjwa wa kifua. Akanijibu kwamba kifua chake kilizoea.

Jambo la pili ni mvua. Mvua ya Butembo ikianguka juu ya bati, ndani ya nyumba hamwezi kusemezana. Watu hunyamaza, wengine husinzia. Prof alitoka nje. Alivaa koti lake la kahawia na kusimama chini ya ukingo wa paa, maji yakimrukia miguuni, akitazama upande wa barabara mpaka mvua iishe. Mama yangu, alipokuwa angali hai, alisema mwanaume huyu ana mke aliyemwahidi kuja siku ya mvua. Tulicheka sana, na yeye mwenyewe alipoambiwa alicheka.

Ajabu ni kwamba hakuna mtu niliyemjua aliyependa muziki kama yeye. Ungemtajia rumba yoyote ya zamani, angekupigia gitaa lake kwa mdomo, kisha angeeleza kwa nini gitaa la pili linangoja kidogo kabla ya kujibu. Katika parokia wakamwomba aimbe besi kwenye kwaya. Alikubali kuwafundisha kutamka Kifaransa, basi. Wakianza kuimba, yeye alikwenda kusimama mlangoni mwa kanisa. Katika arusi ya dada yangu tulikodi baffle ndefu kumshinda bwana arusi, na baada ya wimbo wa kwanza Prof hakuonekana tena. Nilimkuta nje kando ya barabara na sahani yake ya wali, akicheza kwa miguu tu, peke yake, gizani kidogo.

"Prof, kucheza ni kule," nilimwambia.

"Hapa niko nasikia byote bibili, mama."

Nikauliza vyote viwili vipi. Akaonyesha nyuma yake, kwenye muziki, halafu akaonyesha mbele, kwenye barabara iliyokuwa tupu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akija dukani kwangu kila Jumamosi kutafuta chaîne ya kuweka katika chumba kidogo. Mshahara wa mwalimu tunaujua, kwa hiyo hakuwa wa kununua haraka, lakini niliona upesi kwamba shida si mfuko peke yake. Alikuwa na namna yake ya kuchagua, na lazima niseme nilijifunza kwake. Maandishi ya watt kwenye karton aliyaita politiki. Baffle nikiiweka pembeni mwa ukuta, aliiondoa na kuileta mbele kidogo, kwa sababu pembeni besi inavimba na kumeza maneno ya mwimbaji. Aliketi mahali ambapo kitanda chake kingekuwa, akaziweka baffle mbili mbali kidogo kama mezani kwake, zimgeukie. Alitaka kwanza asikie habari za redioni, si wimbo. Wimbo unaweza kukudanganya, alisema, mais, yaani lakini, sauti ya mtu anayesoma habari, ikitoka kama iko ndani ya pipa, mashini hiyo ni ya kuacha. "Chumba kidogo hakihitaji nguvu, mama, kinahitaji heshima." Neno hili ninawaambia wateja hadi leo, na wengine wananisikiliza.

Alipenda pia kifundo cha kuzungusha kuliko vitufe. Vitufe vinaruka, alisema. Kutoka kimya vinaingia kwenye kelele bila kupita katikati.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho, ule uliowafanya majirani zangu wa soko waje kusimama na kutazama. Muziki ukiwa unapiga, Prof alinituma nje, nisimame hatua chache kutoka mlangoni, niseme kitu kwa sauti ya kawaida. Kitu chochote. Yeye ndani alisikiliza, na nikirudi alinirudishia maneno yangu.

"Prof amekula maharagwe ya mwenye nyumba," nilisema nje.

"Umesema nimekula maharagwe," alisema nikiingia, uso haucheki. "Ni kweli. Ilikuwa na chumvi sana."

Kama hakusikia, au alisikia nusu, chaîne hiyo ilirudi kwenye karton. Wateja wengine walidhani ni mchezo tuliopanga ili kuvuta watu. Mimi nilidhani ni wazimu mdogo wa wasomi, na kwa kuwa ulileta watu dukani, niliuvumilia. Lakini alikuwa ananichosha. Nilimpenda yule mzee na alinichosha, yote mawili kwa pamoja. Alikataa chaîne nzuri ambazo mwingine angelala nazo.

Ikafika moja yenye baffle ndogo za mbao, kifundo cha kuzungusha, redio, na mahali pa kuingiza flash. Ilikunywa umeme kidogo, hata batterie ya panneau ya jua ingeibeba mpaka jioni. Bei yake haikuwa ya kuogopesha. Nilimwekea chini ya meza nisiiuze. Jumamosi akaja, akaketi, akasikiliza habari, akasikiliza rumba ikiwa chini mpaka mimi niliyesimama karibu nilisikia kama mtu anahema. Nikatoka nje nikasema upuuzi wangu, akaurudia neno kwa neno. Akatia mkono mfukoni. Kwa kweli nilifurahi kwa ajili yake.

Wakati huo huo mama wa duka la pili, muuza magodoro, akatokea na simu sikioni. Alikuwa anazungumza na mtu wa Kampala na hakusikia vizuri. Akainua mkono kuelekea kwangu, akasema, "Mama, funga. Funga kwanza."

Prof aliruka. Sijui neno jingine. Kiti kilianguka. Alivuta mlango wa chuma, akaufunga, akasukuma komeo, akaegemeza mgongo wake pale. Giza likaingia dukani mchana kweupe. Nje muuza magodoro alianza kupiga mlango na kucheka, akiuliza kama Prof anataka kunioa kwa nguvu. Ndani rumba iliendelea, chini kabisa. Macho yangu yalipozoea giza niliona mikono ya Prof imebana komeo nyuma ya mgongo.

"Prof, alisema nifunge musiki," nilimwambia. "Alikuwa na simu."

"Najua, mama. Najua. Njo neno ile ile."

Akanieleza akiwa amesimama hapo hapo, na nilimwacha aeleze, nikamwambia yule wa nje anipe nafasi.

Kabla ya kuja Butembo alikaa Beni, katika mtaa wa kuelekea Mavivi. Alikuwa na nyumba nzima ya kupanga, na chaîne kubwa iliyokuwa fahari yake. Ng'ambo ya njia alikaa jirani, Mnande, mkulima wa kakao, mtu wa kulala mapema. Waligombana juu ya muziki tangu siku ya kwanza. Jirani alisimama mlangoni kwake na kupaaza sauti, "Prof, funga." Prof aliongeza kidogo. Jirani aliita tena, Prof aliongeza tena, mpaka mmoja wao achoke. Kesho yake walisalimiana, wakakopeshana jembe, wakanywa pamoja. Hata waliupenda ugomvi wao.

Sasa, kwetu mlango unafungwa na redio inafungwa. Watu wa pwani, nasikia, redio wanaizima. Sisi tuna neno moja.

Ilikuwa jioni, mwanga bado upo, saa ambayo watu wanarudi kutoka mashambani. Jirani akaita, "Prof, funga." Prof akanyoosha mkono akaongeza. Jirani akaita mara ya pili, safari hii kutoka karibu, katikati ya njia. Prof, akicheka peke yake ndani, akazungusha kifundo mpaka mwisho. Baada ya hapo hakusikia tena kitu. Alifikiri ameshinda. Wimbo ulipokwisha ndipo aliposikia yale ambayo mtaa mzima ulikuwa unayasikia tayari. Wauaji walikuwa wametoka msituni. Mlango wake ulikuwa wazi, kama kawaida yake, naye akajilaza chini nyuma ya kitanda. Walipita. Hawakuingia kwake, na hajui kwa nini. Wanajeshi walipokuja, jirani alikuwa amelala njiani, amekufa, karibu na mlango wa Prof kuliko mlango wake mwenyewe.

"Kama nilifunga mara ya kwanza," alisema Prof, "kitu kimoja tu, musiki ao mulango, asingetoka kwake. Alikuya karibu juu ya vile sikutaka kusikia. Mimi njo nilimuita na ile musiki."

Nikamwambia si yeye aliyeshika panga. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa hivyo mara nyingi. Kisha akasema lililokuwa linamla zaidi. Hakwenda kwenye kilio. Jirani aliyegawana naye chumvi, na yeye alipakia vitu vyake kwenye lori la mbao akaja Butembo kabla maiti haijazikwa, kwa sababu angelazimika kumpa mkono mjane, na mjane angemwangalia. "Siku moja nitaenda kumuambia. Akisema ni mimi, basi ni mimi. Mais asipolisema yeye, hakuna mutu mwengine anaweza kunifungua."

Alinunua ile chaîne siku ile ile. Niliibeba pamoja naye mpaka Vulamba.

Ungefikiri baada ya hapo tungesikia muziki katika kiwanja. Hatukusikia. Nilidhani hajaiwasha, mpaka siku moja nilipoingia, akiwa amenikaribisha kabla ya hodi kama kawaida, nikaona taa yake ndogo inawaka. Nikainama. Ilikuwa inapiga. Baffle zote mbili zilikuwa zinaimba rumba nzima, na gitaa zote, na mtu anayelalamika juu ya mapenzi, kwa sauti ambayo ungeifunika na pumzi yako. Aliniangalia usoni kuona kama napenda. Nilisema ni nzuri. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya kinu nikalia, na aliyeniuliza nilimwambia ni moshi.

Tangu siku ile mimi mwenyewe sikuwa sawa. Mteja anasema fungulia mpaka mwisho, nafungulia, yeye anacheza na mabega, mimi natazama mlango. Nilianza kushusha sauti bila kuambiwa. Mume wangu aliuliza kwa nini redio yetu inanong'ona. Niliogopa, na nilimkasirikia Prof kwa kuniachia hofu ambayo haikuwa yangu.

Baadaye serikali ilimkumbuka. Ikampeleka shule nyingine, na shule hiyo ilikuwa Beni. Alifunga vitu vyake, akanishukuru kwa Kinande, kwa neno ambalo silo, akapanda gari. Tulipigiana simu siku za sikukuu. Kila mara niliuliza kama amekwenda kule kwa mjane, na kila mara alinijibu habari za joto la Beni, kwamba Butembo ilimwozesha na baridi na sasa anayeyuka.

Mwaka huu mzigo wangu mmoja ulikuja kwa ndege. Nikashuka mpaka Mavivi, kwenye uwanja wa ndege wa Beni, kuuchukua, halafu nikamtafuta. Alikuwa amekonda, shati limempwaya shingoni. Niliambiwa na walimu wenzake kwamba huzunguka kila asubuhi kwa njia ndefu kwenda shule ili asipite mtaa ule. Hakuniuliza habari za safari. Aliniambia, "Nilikuwa nakungojea wewe. Uko Mnande, uko mama. Ukuye tuende."

Tulichukua pikipiki mbili. Njiani alinipita, halafu akabaki nyuma, halafu akanipita tena, nikajua anamwambia dereva aende na asiende.

Mjane tulimkuta uani, anageuza kakao ya kukausha juu ya bâche, turubai la plastiki, kwa ubao wa mti. Ni mwanamke mfupi, mwenye nguvu, kitambaa kimefungwa vizuri. Nyumba ile ng'ambo ya njia, iliyokuwa ya Prof, imebomoka upande mmoja. Nilimsalimu kwa lugha yetu, nikaeleza mimi ni nani na nimemleta nani. Alimtazama Prof muda, akasema karibuni, akaendelea kugeuza.

Prof alisema yote akiwa amesimama juani, kofia mkononi. Alikuwa ameyapanga, nadhani kwa miaka. Alisema juu ya neno funga, mara ya kwanza na mara ya pili, kifundo, kilio alichokikimbia. Alisema, "Alikuya kwangu juu ya musiki yangu, mama. Mimi njo nilimuua."

Mjane alisimamisha ubao.

"Prof, na mimi nilimusikia," alisema. "Nilikuwa ndani na batoto. Nikasikia bwana yangu anasema funga. Nikafunga. Nikatia na mti nyuma ya mulango."

Alikusanya na mguu mbegu chache zilizokuwa zimetoka nje ya bâche, akazirudisha.

"Alirudia kwetu. Alipiga mulango. Nilizania ni bale batu. Nikafunika batoto kinywa." Aliongea polepole, bila kulia. "Alipiga, alipiga, njo akaacha. Akakimbia kwako juu ya vile kwako tu njo kulikuwa wazi. Hakufika."

Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Nilikungojea ku kilio," mjane akamwambia. "Haikukuwa kwa kukugombeza. Siku zote nakungojea. Wakati alikuwa anakimbia kwako alikuwa anasema. Nilisikia sauti yake, sikusikia maneno, mulango yangu ilikuwa imefungwa. Yako ilikuwa wazi. Alikuwa anakuya mbele yako." Akaweka ubao chini, akamsogelea. "Uniambie, Prof. Alisema nini?"

Prof alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Sikusikia, mama," alisema. "Musiki ilikuwa juu."